Njaa Penye Chakula

Watu kati ya milioni 2 na 3 walikufa katika jimbo la Bengal, India, kwa njaa ya mwaka 1943 na kwa maradhi yaliyoiandama. Maelfu walitoka vijijini kwa miguu wakaingia Calcutta, makao makuu ya jimbo, na wengi wakafia kando ya barabara, hatua chache kutoka madukani. Maduka yalikuwa na mchele. Waliokufa hawakuwa na pesa za kuununua, na sheria ilikuwa upande wa mwenye duka. Ndiyo maana njaa ile, ambayo wanahistoria huihesabu miongoni mwa maafa ya Vita Vikuu vya Pili, imekuwa pia mfano usiokwepeka kwa wachumi na wanafalsafa wanaouliza haki ni nini.

Aliyeifanya iwe mfano huo ni Amartya Sen, aliyezaliwa mwaka 1933 huko Santiniketan, mji mdogo wa Bengal, na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998. Njaa ilipoanza alikuwa na umri wa miaka 9. Amesimulia jinsi mtu wa kwanza mwenye njaa alivyotokea shuleni kwao, amekonda, amerukwa na akili, na jinsi barabara ilivyokuja kujaa wengine wa hali hiyohiyo. Babu yake alimruhusu awape mchele waliobisha hodi, ila kipimo kiwe kopo moja la sigara kwa kila familia, ili watakaofuata nao wapate. Kopo la sigara halifikii hata kibaba. Jambo lililomkaa Sen rohoni kwa muda mrefu zaidi lilikuwa jingine: katika ukoo wake, na miongoni mwa wenzake wa darasani, hakuna aliyelala njaa. Njaa ilikuwa na macho. Iliipita nyumba ya mwalimu ikaingia kwa kibarua wa shambani.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba chakula kilikuwa kimekwisha. Sababu za kuamini hivyo zilikuwepo. Mwaka 1942 Japani iliiteka Burma, na mchele uliokuwa ukitoka huko ukakatika. Oktoba mwaka huohuo kimbunga kikapiga pwani ya Midnapore na kuharibu mpunga. Lakini Sen alipozipekua takwimu, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu umaskini na njaa, alikuta hesabu haikubali. Chakula kilichokuwepo Bengal mwaka 1943 kilipungua kwa takriban asilimia 5 tu kulinganishwa na wastani wa miaka 5 iliyotangulia, na kilizidi kile cha mwaka 1941 kwa asilimia 13. Mwaka 1941 haukuwa na njaa.

Kilichobadilika ni bei, na nani alikuwa na uwezo wa kuifuata. Calcutta ilikuwa imejaa shughuli za vita: askari, viwanda, ujenzi wa viwanja vya ndege. Serikali ilimwaga fedha, wafanyabiashara wakaficha mchele wakisubiri bei ipande, na wafanyakazi wa viwanda muhimu wakauziwa chakula kwa bei nafuu ili wasiache kazi. Desemba 1942 mchele wa jumla ulikuwa rupia 13 hadi 14 kwa kipimo cha maund, yaani kama kilo 37. Mei 1943 ulipita rupia 30, na Agosti ukafika 37. Ujira wa kibarua wa kijijini haukupanda kwa mwendo huo hata kidogo.

Mvuvi naye alikumbwa kwa njia yake. Kwa kuhofia kwamba Wajapani wangeingia kwa njia ya maji, serikali ilitwaa au kuharibu mashua za pwani zilizoweza kubeba zaidi ya watu 10. Katika nchi ya mito na mikono ya bahari kama Bengal, kumnyang'anya mtu mashua ni kumnyang'anya jembe. Na hata aliyebaki na kidau chake alikuta samaki wake hawanunuliki, kwa kuwa mtu anayetafuta mchele wa leo huacha kwanza kitoweo. Kinyozi aliona hayohayo: nywele zinaweza kusubiri. Fundi, mvuvi na kinyozi wote walikuwa na kitu cha kuuza, na kitu hicho kikapoteza thamani mbele ya mchele ndani ya miezi michache.

Linganisho linaloeleza zaidi ni la watu wawili waliofanya kazi katika aina ileile ya shamba. Mmoja alilipwa ujira wa pesa. Mwingine alilima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, akapata fungu lake kwa mpunga wenyewe. Wote wawili walikuwa maskini. Lakini wa pili hakuhitaji kupita sokoni ili ale, na kundi lake halikuangamia kwa kiwango cha vibarua.

Kutokana na hayo Sen alijenga wazo ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa stahiki. Stahiki ya mtu ni jumla ya vitu anavyoweza kuvipata kihalali kwa kutumia alichonacho: ardhi, nguvu za mikono, ufundi, mshahara, au msaada ambao sheria inampa. Chakula kinaweza kuwa kingi nchini huku stahiki ya mtu fulani imeporomoka hadi chini ya kiasi cha kuishi. Swali la kwanza basi si magunia mangapi yamo ghalani. Swali ni nani ana njia ya kuyafikia.

Hapa uchumi unaingia moja kwa moja katika falsafa ya maadili, na si kwa bahati. Adam Smith alikuwa profesa wa falsafa ya maadili huko Glasgow, na alitoa kitabu kuhusu hisia za kimaadili mwaka 1759, miaka 17 kabla ya kile kikubwa cha utajiri wa mataifa. Utengano ulikuja baadaye. Mwaka 1932 mchumi Lionel Robbins wa London alidai kwamba uchumi na maadili ni vitu viwili vinavyoweza kuwekwa bega kwa bega tu, bila kuchanganywa, na wachumi wengi wakalipokea dai hilo kama kanuni. Bengal inaonyesha gharama ya utengano huo, kwa sababu mchumi anayetazama soko peke yake angekuta linafanya kazi: mchele uliwafuata wenye fedha.

Mwanafalsafa Mmarekani Robert Nozick aliandika mwaka 1974 kwamba ikiwa mali imepatikana kihalali na kuhamishwa kwa ridhaa, mgawanyo wowote unaotokea ni wa haki, hata ukiwa na pengo kubwa kiasi gani. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya njaa ya Bengal haina mkosaji. Ukiacha mashua zilizotwaliwa, mwenye mchele aliuza mali yake na mwajiri alilipa ujira waliopatana. Hakuna aliyeiba, na mamilioni wakafa. Nozick mwenyewe aliacha mlango wazi kidogo kuhusu maafa makubwa, lakini mlango huo ndio hoja yenyewe: kanuni ya haki ambayo lazima isimamishwe ili watu wasife imeacha nje jambo lililopaswa kuwa kiini chake.

Kipimo cha mwanafalsafa Jeremy Bentham, cha kujumlisha furaha ya wote, hakisaidii sana zaidi. Uchumi wa vita uliwanufaisha wengi mjini, na katika jumla, faida ya mmoja inaweza kufunika kifo cha mwingine. Mwanafalsafa John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alikataa hesabu ya namna hiyo. Alitaka kanuni za jamii zichaguliwe na watu wasiojua watazaliwa matajiri au vibarua, na pengo liruhusiwe tu pale linapomfaa aliye chini kabisa. Sen aliheshimu sana kazi hiyo, lakini katika mhadhara wa mwaka 1979 aliuliza: usawa wa nini? Kilo 2 za unga mikononi mwa mama anayenyonyesha, au mtu mwenye minyoo, hazifanyi kazi ileile kama mikononi mwa kijana mzima. Kinachofaa kupimwa, kwa maoni yake, ni kile ambacho mtu anaweza kweli kuwa na kutenda.

Wazo la stahiki lilijaribiwa pia karibu na Afrika Mashariki. Mwaka 1973 watu wa Wollo nchini Ethiopia walikufa njaa huku bei za nafaka mjini Dessie zikiwa hazikupanda sana. Mavuno ya Wollo yaliharibika, mkulima akakosa chakula na pesa kwa mkupuo mmoja, na asiye na pesa hapandishi bei. Nafaka nyingine ilitoka Wollo kwenda kwenye wanunuzi. Wafugaji waliumia mara mbili: mifugo ilikufa kwa ukame, na iliyobaki ikauzwa kwa kidogo. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wanaujua mzani huo vizuri. Ukame ukikaza, kila mtu hupeleka mnadani ng'ombe aliyekonda, bei yake huanguka, na debe la mahindi hupanda siku hizohizo. Ndiyo maana mpango wa serikali ya Kenya wa fedha taslimu dhidi ya njaa ulianzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na ndiyo mantiki ya ruzuku za TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, kwa kaya maskini Tanzania. Pale ambapo soko lina chakula, fedha mkononi hurudisha stahiki.

Si wote waliokubaliana na Sen. Baadhi ya watafiti wameshikilia kwamba takwimu za mavuno ya Bengal ziliandikwa vibaya na kwamba ugonjwa wa mpunga wa mwaka 1942 ulikula zaidi kuliko inavyodhaniwa. Ubishi huo una uzito. Lakini hata upungufu ukiwa mkubwa, hauelezi kwa nini mvuvi alikufa na karani wa Calcutta akaishi.

Suala la mwisho ni sauti. Serikali ya kikoloni haikuitangaza njaa rasmi, na msaada ulichelewa. Agosti 1943 gazeti la The Statesman la Calcutta, chini ya mhariri wake Ian Stephens, lilichapisha picha za watu waliokufa barabarani, na kimya kikavunjika. Sen aliona hapo kanuni pana zaidi: njaa kubwa haijapata kutokea katika nchi huru yenye uchaguzi wa kweli na magazeti yasiyofungwa mdomo. Uchina ilipoteza mamilioni ya watu kati ya 1958 na 1961 bila gazeti lake hata moja kuisema sera iliyowaua. India huru, ilipokabiliwa na ukame wa Maharashtra mwaka 1973, iliwapa watu kazi za muda za umma, wakalipwa, wakanunua chakula. Lakini nchi hiyohiyo bado ina mamilioni ya watoto waliodumaa kwa lishe duni, na Sen amelirudia jambo hili mara nyingi. Mtoto anayekula mlo mmoja hafifu kila siku kwa miaka 5 hafii barabarani, wala hapigwi picha ya ukurasa wa kwanza.