Dakika 12 za mbio: askari anapimwa nini, na juu ya nini namba inaweza kudanganya?

Asubuhi mapema, mbele jua halijatoka vizuri, kwenye tereni nyingi za mpira huku mashariki mwa Kongo utakuta vijana wanazunguka mbio, mwenzao moja amesimama pembeni na simu mkononi. Anawahesabia dakika 12. Wengine wanajitayarisha kuingia jeshi ao polisi, wengine ni waamuzi wa mpira, wengine wanafunzi wa siporo. Wote wanasemaka wanafanya "Cooper". Ukiwauliza Cooper ni kitu gani, wengi watakujibu: ni mbio.

Cooper ni jina la mtu. Kenneth Cooper alikuwa munganga wa jeshi la anga la Marekani, na mwaka 1968 alitangaza kipimo hicho kwa sababu jeshi lilikuwa na shida moja: namna gani kujua moyo na pumuzi ya askari wengi, kwa muda mufupi, bila mashine? Shida hiyo ingali ile ile leo, na jibu la Cooper linatumiwa fasi nyingi. Lakini kile linachopima hakieleweki vizuri, na kutoelewa huko kunafukuza vijana wenye uwezo, na mara zingine kunaua.

Kinachotafutwa ni oksijeni. Mtu wa kilo 70 akikaa kimya kwenye kiti, mwili wake unatumia karibu robo litri ya oksijeni kwa dakika. Akianza kukimbia, hitaji linapanda. Akiongeza mwendo linapanda tena, mpaka inafika fasi ambapo hata akijisukuma zaidi, oksijeni anayotumia haiongezeki. Pale ndipo kikomo chake. Wataalamu wanakiandika kwa mililitri za oksijeni, kwa kila kilo ya mwili, kwa kila dakika. Mwingereza Archibald Hill, aliyepata zawadi ya Nobel ya mwaka 1922, ni moja wa wale walioeleza jambo hilo kwanza, na yeye mwenyewe alikuwa kati ya watu waliokimbia ili wapimwe.

Watu wengi wanafikiri pumuzi ikikatika ni mapafu yamechoka. Kwa mtu mwenye afya, mara nyingi si hivyo. Mapafu yako na akiba. Kinachofika kikomo kwanza ni moyo, maana yake damu kiasi gani unaweza kusukuma. Wakati wa kupumzika moyo unasukuma karibu litri 5 kwa dakika. Kwa mbio kali, kwa kijana mwenye mazoezi, unafika litri 20 na kupita. Kwa hiyo komanda anayesema "huyu hana pumuzi" kwa kweli anazungumzia moyo na damu.

Njia kamili ya kupima ni kumweka mtu kwenye mashine ya kukimbilia, na barakoa usoni inayohesabu hewa anayovuta na anayotoa. Mashine hiyo ni ya bei kali na inapima mtu moja moja. Bruno Balke, munganga aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Marekani, alikuwa amependekeza mbio za dakika 15 mwaka 1963. Cooper akazipunguza mpaka 12. Alichukua wanaume 115 wa jeshi la anga, akawapima kwa mashine, akawakimbiza uwanjani pia, na kulinganisha. Umbali na oksijeni vilikwenda pamoja, karibu sana. Tangu hapo hesabu ni nyepesi: chukua mita ulizokimbia kwa dakika 12, toa 505, gawanya kwa 44,7. Mtu aliyefika mita 2400 anapata 42. Aliyefika 2800 anapata 51. Yule wa 42, akiwa na kilo 70, anatumia karibu litri 3 za oksijeni kwa dakika, mara 12 ya zile anazotumia akiwa ameketi.

Kipimo kilitoka jeshini haraka. Timu ya Brazili ilitumia mafunzo ya Cooper mbele ya Kombe la Dunia la 1970, na waamuzi wa FIFA walikimbizwa dakika 12 kwa miaka mingi.

Hapa kwetu kuna kosa moja linalorudi kila mara. Vijana wanazunguka mistari ya tereni ya mpira na kuhesabu mita 400 kwa kila mzunguko. Mita 400 ni za njia ya riadha. Tereni ya mpira ya mita 105 kwa 68 iko na mzunguko wa mita 346 tu. Kijana akipiga mizunguko 6 anajua amefika 2400, kumbe amefika 2076, na kwa hesabu ya Cooper hiyo ni 35, si 42. Siku ya kipimo cha kweli, kwenye stade yenye njia, anaanguka na anashangaa. Anafikiri ameishiwa nguvu, ao mtu amemuroga. Kamba ya mita 50 tu ingetosha kumuonyesha ukweli.

Kosa la pili ni kuanza kama mwizi anayefukuzwa. Dakika ya kwanza anaongoza wote, dakika ya nne anatembea. Moyo wake hauna shida, ni hesabu ya mwendo iliyomushinda. Luc Léger, wa Chuo Kikuu cha Montréal, alitafutia hilo dawa katika miaka ya 1980: watu wanakimbia kwenda na kurudi kati ya mistari miwili yenye umbali wa mita 20, wakifuata mlio wa sauti. Mwendo unaanza kwa kilometa 8,5 kwa saa na kuongezeka nusu kilometa kila dakika. Hakuna anayeweza kujimaliza mwanzoni, kwa sababu mlio ndio unaamua. Mita 20 zinapatikana hata kwenye uwanja wa shule.

Na kuna njia ya zamani zaidi, isiyohitaji uwanja kabisa. Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1943, watafiti wa Harvard walipanga wanaume wapande na kushuka benchi ya sentimita 50 hivi, mara 30 kwa dakika, kwa dakika 5. Kiisha mtu anaketi na wanahesabu mapigo ya moyo kwa nusu dakika, mara tatu: baada ya dakika 1, baada ya 2, baada ya 3. Tuseme ni 70, 55 na 45, jumla 170. Kama alimaliza sekunde zote 300, unachukua 30.000 na kugawanya kwa mara mbili ya jumla ile, yaani 340. Anapata 88, ni muzuri. Kipimo hiki kinatazama moyo unarudi kutulia upesi kiasi gani, na mtu anaweza kukifanya kwake, mradi benchi iwe imara.

Sasa, je, mwenye namba kubwa ndiye askari bora? Si lazima. Namba inagawanywa kwa kilo za mwili, kwa hiyo inapendelea mtu mwepesi. Kijana wa kilo 55 mwenye 50 anatumia litri 2,75 za oksijeni kwa dakika. Wa kilo 80 mwenye 45 anatumia litri 3,6. Kwenye tereni yule mwepesi anashinda. Wape wote wawili mzigo wa kilo 25 na silaha, wapande mlima, na mambo yanaweza kugeuka, kwa sababu mzigo haupungui juu wewe ni mwembamba. Ndiyo maana jeshi la Uingereza tangu 2019 linapima askari wake wa mapigano pia kwa kutembea kilometa 4 na mzigo wa kilo 40, kwa dakika 50. Jeshi la Marekani lilianza kupima mbio za maili 2, kilometa 3,2 hivi, katika mwaka 1980, na limeendelea nazo hata baada ya kubadilisha mazoezi mengine.

Namba ile pia haijui mtu ametoka wapi. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1500 juu ya bahari, Kinshasa karibu 300. Huku juu hewa ni nyepesi, na mtu aliyetoka chini juzi atapoteza asilimia chache bila kosa lake. Kubwa zaidi ni damu. Oksijeni inabebwa na hemoglobini. Mtu mwenye gramu 15 kwa kila desilitri, malaria ikamushusha mpaka 10, amepoteza theluthi ya uwezo wa damu yake kubeba oksijeni. Homa inaweza kuwa imekwisha, anajisikia amepona, anakwenda kukimbia, na mwalimu anaandika: mvivu. Vilevile kwa msichana ambaye madini ya chuma yamepungua mwilini, na kwa kijana anayekula mara moja kwa siku. Kupima hemoglobini mbele ya mbio ni tone moja la damu.

Tena namba inapanda. Utafiti mkubwa wa Amerika ya Kaskazini uitwao HERITAGE ulifanyisha watu 481 mazoezi kwa wiki 20. Kwa wastani waliongeza karibu mililitri 400 za oksijeni kwa dakika, lakini wamoja waliongeza karibu litri nzima, na wengine karibu sifuri, kwa mazoezi yale yale. Kupima kijana mara moja tu, siku ya kufika, kunasema kidogo sana juu ya vile atakuwa baada ya miezi mitatu.

Kwa Kongo kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi vya kutosha: watu wa AS. Kila mutu anajua ugonjwa wa SS, unaoumiza watoto. Mwenye AS hagonjwi hivyo. Wengi hawajui hata kama wako nayo, na kwenye mikoa yenye malaria nyingi tangu zamani wako wengi sana, karibu mtu moja kwa wane ao watano. Mwaka 1987, watafiti waliotazama vijana walioingia jeshi la Marekani kati ya 1977 na 1981 walikuta kwamba Weusi wenye AS walikufa ghafla kwenye mazoezi karibu mara 28 kuliko Weusi wasio nayo. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache, kama 32 kwa vijana 100.000, lakini ni vifo vya watu waliokuwa wazima asubuhi.

Watu wangeweza kusema basi, AS wafungiwe mlango. Lakini mwaka 2016 ulitoka utafiti mwingine, juu ya askari Weusi karibu 48.000 wa jeshi hilo hilo, kati ya 2011 na 2014. Safari hii wenye AS hawakufa zaidi ya wengine. Hatari ya misuli kuharibika kwa mazoezi makali ilibaki juu kwa asilimia 54, lakini vifo vililingana. Kati ya tafiti zile mbili, jeshi lilikuwa limeweka kanuni kwa askari wote, bila kuchagua damu: kunywa maji, kupumzika wakati wa joto, kuongeza mazoezi pole pole.

Joto peke yake linatosha kuua hata asiye na AS. Mwezi wa saba 2013, katika milima ya Wales, askari watatu wa akiba wa Uingereza walikufa baada ya kushindwa kwenye matembezi ya kuchaguliwa, siku ya jua kali. Uchunguzi wa mahakama mwaka 2015 ulisema kulikuwa na uzembe katika kuwalinda.

Kwa hiyo kikundi cha vijana kinachojipima chenyewe, ao mwalimu anayewapima, kiko na kazi mbele ya kupiga filimbi. Kukimbia asubuhi ao mangaribi. Kuuliza nani alikuwa na homa wiki hizi, nani kifua kinamuuma akikimbia, ndugu gani katika familia alikufa ghafla akiwa kijana. Wa namna hiyo aone munganga kwanza. Maji yawe karibu, na pawe na mtu asiyekimbia, kazi yake kutazama wengine. Mtu akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka ao kuanguka na mwili wa moto, asipigiwe kelele ya kumaliza. Atolewe juani, avuliwe viatu na nguo nzito, amwagiwe maji baridi mwili wote bila kukoma, mpaka apate fahamu, halafu ndipo apelekwe hospitali. Kumukalisha pale kungoja gari kwanza ndiko kunakopoteza zile dakika za kumuokoa.