Vizuka vya Bombay na Vizuka vya Nyumbani

Wako waungwana wazichekao sinema za zamani za Kihindi za kutisha. Wasema hazina mpango: mzuka watoka makaburini, mara wimbo waanza, mara mchekeshaji aanguka chini, mara wapendanao wakimbizana bustanini, kisha ngumi, kisha machozi ya mama, na mzuka bado angoja zamu yake. Sisi hatukubaliani na waungwana hao.

Utamu wa sinema hizo umo katika mchanganyiko huo huo. Katika Mahal ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Kamal Amrohi, hofu yaja kwa njia ya wimbo, sauti ya Lata Mangeshkar ikisikika ndani ya jumba kuu la zamani. Mwaka 1965 Mehmood, mchekeshaji hodari, alitengeneza Bhoot Bungla, akatia mzaha na dansi katika nyumba ya mashetani. Nao ndugu wa ukoo wa Ramsay, waliotoa Do Gaz Zameen Ke Neeche mwaka 1972, walifanya kazi kama mafundi wa karakana moja: huyu aongoza, huyu ashika kamera, huyu atazama sauti. Katika Purana Mandir yao ya mwaka 1984, zimwi la kale lagawana nafasi na Jagdeep, anayeifanyia dhihaka sinema ya Sholay.

Mtu wa Sikonge hana sababu ya kushangazwa na hayo. Unyamwezi ni nchi iliyopitiwa na misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na mengi yalichanganyika njiani. Tena, kabla Reena Roy hajawa mwanamke-nyoka katika Nagin ya mwaka 1976, Wanyamwezi walikuwa na chama chao cha wayeye, mafundi wa nyoka. Myeye akicheza ngoma na chatu mwilini, watazamaji huogopa na kushangilia kwa pamoja. Na fundi huyo huyo ndiye ajuaye dawa ya sumu ya nyoka. Hofu, burudani na tiba zimekaa uwanja mmoja, wala hakuna aliyelalamika.

Lakini liko jambo zito zaidi. Katika Woh Kaun Thi? ya Raj Khosla, ya mwaka 1964, mwanamke wa ajabu amtokea daktari usiku wa mvua, na daktari akaribia kuingiwa na wazimu. Mwishoni hapana mzuka. Yupo jamaa yake mwenye tamaa ya urithi.

Kisa hicho si kigeni kwetu. Katika mikoa ya magharibi na ya Ziwa, Tabora ikiwamo, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, ati kwa kuwa macho yao ni mekundu. Macho hayo yameiva kwa moshi wa jikoni, kwa kuwapikia watoto na wajukuu. Na pengine nyuma ya tuhuma yumo mtu anayelitamani shamba la mjane. Kikulacho ki nguoni mwako.

Taa za ukumbi zikiwashwa, kizuka cha Bombay kimekwisha, na kila mtu aenda zake kulala. Bibi kizee wa jirani naye ana haki ya kulala salama. Jina la sinema ya Khosla maana yake ni "Alikuwa nani yule?" Siku kikongwe atakapotajwa kwa uchawi, majirani na viongozi wa kijiji na waulize swali hilo hilo juu ya mtoa tuhuma: ni nani yule, na anataka nini?