MGB kuukuu: Inama uvunguni kabla hujatoa fedha

WATU wa pwani hawana haja ya kufundishwa kutu ni nini. Anayekaa Mji wa Kale, Lamu au Malindi ameyaona mabati ya paa yakigeuka kuwa kama majani makavu, na ameona gari lililoshuka melini jana likianza kutoka vidonda vya hudhurungi kabla mwenyewe hajamaliza kulipa deni lake. Basi leo tuzungumze juu ya gari lenye umri wa mtu mzima, lililoundwa katika nchi ya mvua, likaendeshwa miaka mingi juu ya barabara zinazomwagwa chumvi. Naam, chumvi. Kule Uingereza, msimu wa baridi ukiingia, magari ya serikali za wilaya hupita usiku yakinyunyiza chumvi njiani ili barafu isigande. Sisi bahari hutufuata majumbani. Wenzetu wameibeba wenyewe wakaiweka barabarani.

Gari lenyewe ni MGB. Lilianza kutoka kiwanda cha Abingdon, karibu na Oxford, mwaka 1962, na la mwisho likatoka Oktoba 1980, milango ya kiwanda ikafungwa. Katika miaka hiyo 18 yaliundwa zaidi ya nusu milioni, na mengi yakapelekwa Marekani. Yako ya namna mbili: lile la wazi lenye hema la kukunja, na GT lenye paa la bati na mlango wa nyuma, ambalo lilianza mwaka 1965. Ni gari la watu wawili, limelala chini, boneti ndefu, na sauti yake ya kikohozi kizito huwafanya wanaume wenye mvi wageuze shingo kama vijana.

Habari hii imeletwa na barua. Kijana mmoja, mtoto wa jirani yangu, yuko Uingereza mwaka wa tisa sasa. Ananiandikia kwamba amepata GT la mwaka 1972 ndani ya banda la mkulima, halijatembea kwa miaka mingi, na muuzaji ataka fedha taslimu. Fedha anazo. Amezidunduliza miaka minne, na mkewe amekuwa akiamini kwamba ni za malipo ya kwanza ya nyumba. Ananiuliza mimi, kwa kuwa ajua kuwa kabla sijashika kalamu nilishika spana katika karakana ya ami yangu. Anasema gari limepigwa rangi nyeusi ya lami chini yote, mpya kabisa, na kwamba vizingiti vilibadilishwa "juzi juzi". Mlango wa dereva, anasema, wataka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge.

Maneno hayo matatu yalinitosha kukosa usingizi kwa niaba yake.

Waingereza wana jina la heshima kwa gari la namna hii: huliita mradi. Ni neno zuri la kufunikia neno mkweche. Mtu hanunui gari. Hununua kazi, na kazi yenyewe hajui mwisho wake. Kwa hivyo swali si kama injini itawaka. Swali ni kama kuna gari pale la kufufuliwa, au kuna rangi tu iliyoshikana na rangi.

Gari la MGA, lililotangulia MGB, lilikuwa na chesisi yake mbali, na bodi ikakaa juu yake kama sanduku juu ya mkokoteni. Bodi ikioza, chesisi yabaki. MGB halikuundwa hivyo. Bodi yake ndiyo chesisi yake, mabati yamechomelewa pamoja yakabebana. Fundi wa majahazi akienda kutazama chombo kuukuu hajali tanga wala nakshi ya tezi. Huenda moja kwa moja penye mkuku na mataruma. Mkuku wa MGB ni vizingiti viwili vinavyopita chini ya milango, upande wa kulia na wa kushoto. Kwa macho waona bati moja la nje, lakini ndani yake mna mabati mengine yaliyosimama na kulala, yakafanya sanduku refu lenye uwazi katikati. Sanduku hilo ndilo linalozuia gari lisivunjike kiuno. Kwa lile la wazi, lisilo na paa la kulisaidia, vizingiti ni roho.

Na jinsi vinavyooza ni jambo la kusikitisha. Gurudumu la mbele hurusha matope na maji ya chumvi nyuma yake. Pana bati la kuzuia matope ndani ya madigadi, lenye mpira ukingoni. Mpira huo ukichakaa, matope hupenya yakajaa nyuma ya madigadi, mahali ambapo hakuna mkono unaofika. Hukaa pale yamelowa majira baada ya majira, yakidondokea mwanzo wa kizingiti. Kutu huanza ndani ikaja nje. Siku unapoona kitundu kama cha sindano kwenye rangi, ndani pamekwisha liwa.

Hapo ndipo ujanja wa wauzaji unapoingia. Kizingiti kilichooza huweza kufunikwa kwa bati jipya juu ya lile bovu, kikachomelewa haraka, kikapakwa lami nyeusi, na asiyejua akaambiwa ni kipya. Kazi ya haki ni nyingine kabisa. Bati la nje la kizingiti huingia nyuma ya ncha ya chini ya madigadi ya mbele na ya ubavu wa nyuma, kwa hivyo fundi mkweli hana budi kufungua madigadi ya mbele, ambayo hufungwa kwa bolti, na kukata kipande cha chini cha ubavu wa nyuma, kisha akirudishe. Ni kazi ya siku nyingi. Akuambiaye vizingiti vilibadilishwa, mwambie akuonyeshe picha za kazi na risiti ya fundi. Hana? Basi hukuambiwa kitu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa si methali, ni kazi yenyewe. Kijana avae nguo za zamani, achukue tochi, bisibisi, na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze. Sumaku hushika bati, haishiki puti. Aipitishe pole pole chini ya milango, ncha za madigadi na kuzunguka matao ya magurudumu ya nyuma. Popote itakapoanguka, pale pana unga uliopakwa rangi. Kisha alale chini. Aombe ruhusa ya kudukua kwa bisibisi, maana si adabu kutoboa mali ya mtu bila idhini, na jibu la muuzaji kwa ombi hilo ni habari tosha. Lami mpya iliyopakwa gari linalouzwa, mimi huiona kama hanjamu kwa bibi harusi ambaye wazazi wake hawataki umtazame mchana.

Mlango nao husema kweli. Uwazi kati ya mlango na bodi uwe sawa kutoka juu hadi chini, mbele na nyuma. Kisha gari lipigwe jeki taratibu, mlango ukiwa umefungwa, na mtu autazame uwazi wa nyuma. Ukijibana kwa juu, au mlango ukakataa kufunguka, gari linapinda kiuno. Mlango unaohitaji kuinuliwa huenda ni bawaba tu zilizochoka, sikatai. Lakini ukiambatana na lami mpya na vizingiti vya "juzi juzi", dhana yangu haiendi kwenye bawaba. Atazame pia ngozi ya juu ya mlango, chini ya kile kioo kidogo cha pembe tatu: bati la MGB hupasuka pale. Huo ni ugonjwa wa kawaida usioua.

Mengine ya chini ni sakafu, mahali zinaposhikilia springi za nyuma, na visanduku vya betri. Gari la 1972 lilitoka na betri mbili za volti 6, zimefichwa nyuma ya viti, na asidi na maji vimekwisha kula visanduku vingi. Watu wengi wameweka betri moja ya volti 12 upande mmoja, wala si aibu.

Kuhusu injini nitasema machache, kwa sababu ndipo wanunuzi wanapopoteza muda wao. Ni injini ya silinda 4, sentimita za ujazo 1,798, kabureta mbili za SU, chuma kizito kisicho na siri. Tangu mwishoni mwa 1964 krankishafti yake hukaa juu ya beringi 5 badala ya 3, na hiyo ndiyo imara. Ikiwa haijawashwa miaka mingi, asikubali kuipiga stata ovyo; atie spana penye puli ya mbele na aizungushe kwa mkono. Ikizunguka, kuna matumaini. Kifuniko cha oili kikiwa na kitu cheupe kama tui, yumkini maji yamechanganyika na oili. Ikiwaka na kupata moto, presha ya oili isipungue paundi 50 hivi kwa inchi ya mraba gari likiwa mbioni, na 15 hivi likinguruma pale pale. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Yote hayo yana dawa, na spea za gari hili hupatikana kuliko za magari mengi mapya.

Ikiwa ringi ni za waya, agonge kila spoku kwa kalamu. Iliyokaza hulia, iliyolegea hububuwaa. Kisha gurudumu liinuliwe, mwenzake akanyage breki, naye alitikise mbele na nyuma. Likicheza na huku breki imeshika, meno ya kati yameliwa, na ringi mpya peke yake haitamfaa bila kitovu kipya.

Bodi ndiyo inayofilisi. Tangu 1988 shirika la British Motor Heritage limekuwa likiunda bodi mpya za MGB, na ni neema, lakini bodi tupu huweza kupita bei ya MGB zima linalotembea. Uchomeleaji hulipwa kwa saa. Ndiyo maana mzee yeyote wa fani hii atakuambia ununue bodi nzuri yenye injini mbovu, wala si kinyume chake. Mimi naongeza: likiwa limefunguliwa vipande vikatiwa masandukuni, hesabu vipande. Kioo cha mbele, nikeli za pembeni, taa, bawaba. Kila kisichokuwapo kina bei, na aliyelifungua pengine aliacha kwa sababu alikwisha kuona kile ambacho wewe hujakiona. Muulize kwa nini aliacha.

Sisi chuoni tulisoma kwamba muuzaji akiijua aibu ya bidhaa yake yampasa kuisema. Sheria ya Uingereza haimtwiki mzigo huo mtu binafsi anayeuza gari lake: hana ruhusa ya kusema uongo, lakini akinyamaza amenyamaza. Kwa mfanyabiashara wa magari ni tofauti. Sheria ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kurudisha gari lenye kasoro. Huyu wa bandani si mfanyabiashara. Kila swali basi liulizwe kwa maandishi na lijibiwe kwa maandishi.

Kadi ya usajili itazamwe pia. Kule humtaja mtunzaji wa gari, wala si hati ya umiliki. Namba ya bodi ilingane na ile iliyo kwenye kibao chini ya boneti. GT la 1972 huanzia GHD5. Likiwa limepita miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara, na kwa kawaida halilazimiki kukaguliwa kila mwaka ikiwa halikubadilishwa sana. Watu hufurahia jambo hilo. Mimi laniogopesha, maana pana magari ambayo hakuna mkaguzi aliyeyaona uvunguni kwa miaka.

Mwisho wa barua yake ameandika kwamba akilimaliza atalileta Mombasa. Sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa. Kwa hivyo asiagize kontena kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka kwa wakubwa wa forodha. Na kabla ya hilo, Jumamosi hii, amchukue mkewe waende wote bandani, yeye alale chini na tochi, mkewe ashike jeki.