Samaki Aliyeandikiwa Kifo

Sogeeni, wajukuu zangu, niwape kisa cha samaki ambaye mabingwa wa elimu ya viumbe walikwisha kumwandikia kifo, kumbe mwenyewe yuko baharini anaogelea.

Kifo chenyewe kiliandikwa hivi. Watu wanaochimbua mawe ya kale walikuwa wakikuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa zamani yaliyogeuka jiwe. Humo alikuwamo samaki wa namna ya pekee: mapezi yake manene yana mfupa na nyama ndani, na mkia wake una sehemu tatu. Ukoo wake ulianza zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Visukuku vyake vinaonekana tabaka baada ya tabaka, hadi kufikia kama miaka milioni 66 iliyopita, zama zilezile walizotoweka dinosaria. Baada ya hapo, kimya. Hakuna mfupa, hakuna hata gamba. Basi wakahitimisha kwamba ukoo mzima umekwisha.

Sasa twende Afrika Kusini, mji wa bandari uitwao East London, siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 1938. Pale palikuwa na makumbusho madogo, na msimamizi wake alikuwa binti wa miaka 31, Marjorie Courtenay-Latimer. Nahodha mmoja wa meli ya uvuvi, Hendrik Goosen, alikuwa na desturi ya kumwita aje kutazama kilichoingia wavuni, achague viumbe wa kuweka makumbusho. Siku hiyo Marjorie alikuwa na kazi nyingi, lakini akaona si vizuri kutokwenda kuwatakia mabaharia heri ya sikukuu. Akapanda teksi, akaenda.

Ndani ya lundo la papa na taa akaona pezi la buluu limechomoza. Akafukua. Akatokea samaki wa mita moja na nusu, ana magamba magumu, rangi ya buluu yenye madoa meupe. Hajawahi kumwona kitabuni wala gatini. Dereva wa teksi hakutaka kabisa kupakia samaki anayenuka garini mwake, ikabidi abembelezwe. Kufika makumbusho, mwenyekiti wa bodi akamtazama, akasema huyo ni chewa tu. Kule chumba cha maiti cha hospitali, walikokuwa na ubaridi, wakakataa kumpokea. Kilele cha joto la Desemba, na samaki wa kilo 57 anaanza kuharibika! Marjorie akamfunga kwa magazeti yaliyoloweshwa dawa ya formalini, akamwandikia barua J. L. B. Smith, mwalimu wa kemia wa Grahamstown aliyependa samaki kuliko kemia, na ndani ya barua akatia mchoro aliouchora kwa mkono wake.

Smith alikuwa likizoni, barua ikamfikia Januari 3, 1939. Alipoufungua ule mchoro akashindwa kuyaamini macho yake. Akapeleka simu ya haraka: hifadhini mifupa na matamvua! Lakini maji yalishamwagika. Nyama za ndani zilikwisha kutupwa kwa kuoza, imebaki ngozi iliyokaushwa na fuvu. Hata hivyo ilitosha. Smith akampa samaki jina la kitaalamu Latimeria, kwa heshima ya yule binti. Kwa maoni yangu hakuna jina lililotolewa kwa haki zaidi ya hilo. Kila mtu mkubwa wa mji alikuwa amemwambia aachane na samaki yule, na hakuachana naye. Kwa Kiswahili sisi tunamwita silikanti.

Smith sasa alitaka mwingine, mzima, mwenye moyo na utumbo. Akachapisha vipeperushi vyenye picha, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaahidi zawadi ya pauni 100. Vikasambazwa pwani ya mashariki ya Afrika na visiwani. Tangu yule wa kwanza, ikapita miaka 14.

Jibu likatoka Komoro, Desemba 1952. Mvuvi wa kisiwa cha Anjouan alikuwa amevua samaki mkubwa kwa mshipi usiku, akampeleka sokoni Domoni, na visu vikawa tayari kumkata. Mwalimu aliyekuwapo akakumbuka kile kipeperushi, akazuia. Wakambeba kuvuka milima hadi Mutsamudu, kwa nahodha Eric Hunt aliyekuwa na meli huko. Smith akapigiwa simu, akamwomba waziri mkuu wa Afrika Kusini ndege ya jeshi, akapewa. Alipofunuliwa samaki, mtu mzima yule akalia machozi.

Wavuvi wa Komoro, wajukuu zangu, hawakushangaa hata kidogo. Samaki huyo walikuwa wakimjua tangu babu na babu. Walimwita gombessa, na hawakumthamini sana kwa sababu nyama yake ina mafuta mengi na hukera tumbo. Husimuliwa hata kwamba magamba yake yalitumika kukwaruzia mipira ya baiskeli kabla ya kutia kiraka. Kile ambacho vyuo vikuu vilikiita maiti ya miaka milioni 66, mtu alikuwa anazibia pancha! Ingetosha mtaalamu mmoja kukaa ufukweni na kuwauliza wavuvi.

Mwaka 1987 kundi la mwanasayansi Mjerumani Hans Fricke lilizama na chombo kidogo karibu na kisiwa cha Ngazidja, huko huko Komoro, likamwona silikanti nyumbani kwake kwa mara ya kwanza. Mchana hukaa kwenye mapango ya mawe ya volkano, mita 150 na zaidi chini ya maji, na usiku hutoka kuwinda. Pezi la kulia la mbele huenda pamoja na la kushoto la nyuma, kisha hubadilishana, mwendo uleule wa mnyama wa miguu minne, ingawa hatembei chini. Mara nyingine husimama kichwa chini, mkia juu. Fuvu lake lina kiungo katikati, kinachomwezesha kuachama sana. Puani ana kiungo cha kuhisi umeme hafifu wa miili ya viumbe wengine. Na ubongo wake! Silikanti mkubwa ana ubongo unaojaza asilimia 1.5 tu ya nafasi iliyomo kichwani. Kwingine kote ni mafuta.

Baadaye akaonekana Indonesia, wa aina nyingine. Mwaka 2001 akanaswa Malindi. Kuanzia 2003 wakaanza kuingia kwenye jarife za wavuvi wa Tanzania, mmoja baada ya mwingine, hasa upande wa Tanga, maeneo ya Kigombe. Jarife ni wavu wa kunasa papa, na papa walipopungua karibu na ufuko, wavuvi wakazidi kuzishusha kwenye kina, huko huko aliko silikanti. Mwaka 2009 Tanzania ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kutoka upande wa Pangani hadi kupita jiji la Tanga.

Nami nafurahi kwamba ilitangazwa, kwa sababu huyu si samaki wa kuzaliana haraka. Mwaka 1975, kwenye makumbusho ya New York, walipasua jike aliyekuwa amehifadhiwa miaka mingi, wakakuta ndani yake watoto watano. Silikanti hatagi mayai majini, huzaa watoto kamili. Kisha mwaka 2021 wanasayansi wa Ufaransa wakahesabu alama ndogo ndogo zilizomo kwenye magamba, wakaona kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, kwamba jike hukaribia miaka 60 kabla ya kuzaa, na kwamba mimba yake huchukua kama miaka mitano. Tembo hubeba miezi 22 tu. Basi jike mmoja akinaswa na jarife ana mimba, bahari imepoteza kazi ya nusu karne na zaidi. Na watoto wake wakishazaliwa hukaa wapi? Wamewahi kuonekana wakiogelea mara chache mno, na hakuna aliyepata kushuhudia mama akiwazaa.