Kizuri Chajiuza, Lakini Kwanza Kionekane

Wahenga wetu walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Kauli hiyo ilisadifu zama ambazo muuzaji na mnunuzi walikuwa watu wa mtaa mmoja. Mwenye kutaka kanzu aliujua mlango wa fundi, mwenye kutaka halua alijua karai linapokorogwa, na mgeni aliyepotea njia aliongozwa na mtoto wa mtaa hadi dukani. Leo mgeni huyo hamuulizi mtoto. Anashuka garimoshi Miritini au anavuka kivuko cha Likoni, anatoa simu mfukoni na kuandika maneno mawili matatu: "biriani karibu nami", "fundi kanzu Mombasa". Simu humtajia maduka machache, aghalabu matatu, pamoja na ramani yake. Ikiwa duka lako halimo, basi kwake yeye halipo, hata kama lina umri wa miaka 40 na liko hatua 20 kutoka aliposimama.

Jambo hili si la makampuni makubwa pekee. Nyumba nyingi za mwambao wetu zinakula, zinavaa na zinalipa karo kutokana na duka moja dogo: la viungo kule Marikiti, la mabuibui kule Majengo, la leso katika barabara ya Biashara. Mwenye duka anaweza kuwahesabu wateja waliomjia, lakini hana njia ya kuwahesabu waliomtafuta wakapelekwa kwa mwingine. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari lolote, na kwa hivyo huweza kudumu miaka bila ya kutambuliwa.

Dawa yake, alhamdulillahi, haina gharama ya fedha. Na kiini chake ni jambo ambalo wafanyabiashara waaminifu wamelizoea tangu zamani: kueleza ukweli wa biashara yako kwa ukamilifu, na kuusahihisha kila hali inapobadilika.

Simu huchagua vipi?

Kampuni ya Google, ambayo ramani yake ndiyo inayotumiwa zaidi katika simu za watu wetu, ina daftari la biashara liitwalo Google Business Profile. Kabla ya mwaka 2021 lilijulikana kwa jina la Google My Business. Kujiandikisha humo ni bure. Kampuni yenyewe imeeleza kwamba hupanga majibu yake kwa kuzingatia mambo matatu: ulinganifu, umbali na umaarufu.

Ulinganifu ni kadiri maelezo ya duka lako yanavyoafikiana na maneno aliyoyaandika mtafutaji. Tuchukue mfano wa fundi wa kanzu aliye Kibokoni. Ikiwa katika daftari lile amejiandika kuwa ni "duka" tu, mtambo hauna dalili ya kuuongoza kwake mtu anayetafuta fundi cherehani. Umbali ni masafa baina ya mtafutaji na duka. Hili halina hila. Aliye Nyali ataonyeshwa kwanza mafundi wa Nyali, na fundi wa Kibokoni asisononeke kwa hilo. Umaarufu nao ni jinsi duka linavyojulikana: idadi ya maoni ya wateja na nyota walizolipa, na kutajwa kwake mahali pengine katika mtandao.

Umbali, basi, hatuna mamlaka nao. Juhudi zetu zielekee kwenye yale mawili yaliyobaki.

Kujiandikisha kwa usahihi

Hatua ya kwanza ni kulitafuta duka lako katika ramani kabla ya kuliandika. Huenda limo tayari, kwani mtu yeyote anaweza kupendekeza mahali papya, na pengine limeandikwa jina lililokosewa au nambari ya simu isiyotumika tena. Ukilikuta, dai umiliki wake badala ya kuandika la pili, maana maduka mawili ya jina moja humchanganya mteja na mtambo pia.

Kisha Google itataka uthibitisho kwamba wewe ndiwe mwenyewe. Siku hizi mara nyingi huomba video moja isiyokatwa, inayoonyesha barabara na majirani wa duka, kisha ubao wa jina na bidhaa, na mwisho alama kwamba wewe ndiye mwenye mamlaka, kama vile kufungua mlango kwa ufunguo wako au kuonyesha leseni ya biashara. Zoezi hili huwachosha wengi wakaliacha njiani. Lisubiriwe kwa utulivu, wala asilipwe dalali kulifanya.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye ubao wa duka. Wako wanaoongeza maneno, "bora Mombasa, bei nafuu", wakidhani ni werevu. Ni kinyume cha kanuni, na huweza kusababisha duka kuondolewa. Aina ya biashara ichaguliwe kwa makini kuliko jambo jingine lolote. Iko moja kuu, na zinaruhusiwa nyingine hadi 9 za ziada, lakini chagua zile tu unazozifanya kweli. Maelezo ya biashara yasizidi herufi 750, na ni vyema yaandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa kuwa wako watakaotafuta "mahamri" na wako wasiolijua neno hilo.

Saa na vichochoro

Hapa pana mambo mawili yanayotuhusu sisi watu wa pwani hasa.

La kwanza ni saa. Sisi tunasema duka hufunguliwa saa mbili asubuhi, lakini simu huhesabu kwa saa za kizungu. Anayeandika 2:00 badala ya 8:00 ametangaza kwamba hufungua usiku wa manane. Kadhalika siku ya Ijumaa: maduka mengi hufungwa kwa swala na kufunguliwa tena alasiri. Daftari lile linaruhusu kuandika vipindi viwili katika siku moja, kwa mfano 8:00 hadi 12:00, kisha 14:00 hadi 18:00. Katika mwezi wa Ramadhani na siku za Idi pia iko nafasi ya kuandika saa maalumu. Mteja aliyetoka mbali akakuta mlango umefungwa ilhali simu inasema umefunguliwa, hatarudi, na pengine ataandika alichokutana nacho ili wengine wasome.

La pili ni mahali. Vichochoro vya Mji wa Kale havina nambari za milango zinazojulikana na wote, na Google haikubali sanduku la posta kuwa ndipo biashara ilipo. Suluhisho ni kusogeza alama ya ramani kwa mkono hadi juu ya mlango wako hasa. Zaidi ya hilo, ramani huonyesha kwa kila mahali msimbo uitwao Plus Code, ambao ni herufi na tarakimu chache zenye alama ya kujumlisha. Unautuma kwa ujumbe wa simu, na mteja anafika bila ya kuuliza. Ongeza picha ya mbele ya duka iliyopigwa mchana, kutoka upande anaotokea mgeni, ili alitambue kwa macho.

Wanaofanya kazi nyumbani

Mama na dada zetu wengi hupika, hushona na hupaka hina wakiwa majumbani mwao. Wengi wao wanaogopa kujiandikisha kwa kuhofia anwani ya nyumba kutangazwa kwa kila mpita njia. Hofu hiyo ina haki, lakini ina jawabu. Biashara isiyopokea wateja mlangoni, bali humpelekea mteja bidhaa au humfuata kwake, hutakiwa kuificha anwani na kutaja tu maeneo inayoyahudumia, ambayo hayazidi 20. Mpishi wa Tudor anaweza kuonekana na watu wa Kizingo na Ganjoni bila ya yeyote kuijua nyumba yake. Na atumie nambari ya simu ya kazi, si ile ya familia.

Maoni ya wateja na mipaka yake

Maoni ya wateja yana taathira kubwa, na kwa sababu hiyo ndiyo mlango uliojaa vishawishi. Kumwomba mteja aliyeridhika aandike neno ni halali kabisa, na daftari lile hukupa kiungo cha kumtumia. Yasiyoruhusiwa ni kumpa punguzo la bei ili akusifu, kujiandikia mwenyewe, kuwaagiza wapwa na binamu wajifanye wateja, au kununua sifa kwa wanaoziuza.

Waliosoma fiqhi ya muamala wataikumbuka bei ya najshi: mtu hujitokeza sokoni akapandisha bei ya bidhaa asiyokusudia kuinunua, ili mnunuzi wa kweli aghurike. Maoni ya uongo ni najshi iliyovaa nguo mpya. Msifu hakununua, na msomaji ameghurika. Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji, ya mwaka 2012, nayo inakataza kumpotosha mnunuzi kwa maelezo ya uongo. Na hata kwa hesabu ya dunia tu, njia ya mwongo ni fupi: sifa hizo hugunduliwa zikafutwa, na duka huweza kusimamishwa pamoja na maoni yake ya haki.

Ama kuhusu lawama, usikimbilie kuomba ifutwe. Google huondoa maoni yanayovunja kanuni zake, si yale tu yasiyompendeza mwenye duka. Jibu kwa upole: "Ndugu, tumelisikia lalamiko lako. Tafadhali rudi tulirekebishe." Wasomaji wengi watampima mwenye duka kwa jibu hilo kuliko kwa lawama yenyewe. Na iwapo lawama ni ya kweli, basi lirekebishwe lililo dukani kwanza.

Ufunguo uko kwa nani?

Mali bila daftari hupotea bila habari, na akaunti hii sasa ni sehemu ya mali. Desturi yetu ni kumwachia kijana wa dukani au mpwa anayejua simu afanye kila kitu kwa akaunti yake binafsi. Kijana huyo akisafiri kwenda Ghuba, au wakikosana na tajiri wake, huondoka na ufunguo wa duka ambao mwenyewe hakujua kuwa upo. Umiliki uandikwe kwa akaunti ya mwenye biashara, na kijana aongezwe kama msimamizi, ambaye anaweza kuondolewa wakati wowote. Na katika nyumba ambazo mzee hana mazoea na simu, kazi igawanywe: mtoto aandike, mzee asikilize kila neno na kulithibitisha. Mtoto anaijua simu, lakini mzee ndiye anayelijua duka.

Mjihadhari pia na wapigao simu wakidai kuwa wametoka Google na kwamba duka lenu litafutwa msipotuma pesa kwa M-Pesa, au wanaoahidi nafasi ya kwanza. Kampuni imeeleza wazi kwamba nafasi katika majibu haya ya kawaida haiuzwi. Matangazo ya kulipia yapo, lakini huo ni mlango mwingine, nayo huandikwa kuwa ni matangazo.

Ukimaliza, hakikisha jina na nambari ya simu vinafanana kila mahali: kwenye ubao, risiti, WhatsApp na Facebook. Google si daftari pekee. Apple na Bing nao wana madaftari yao ya bure. Kisha uwe na subira. Kila mwezi fungua taarifa ndani ya akaunti, ambayo huonyesha waliopiga simu, walioomba kuelekezwa njia na maneno waliyoyatafutia. Ukiona wanatafuta kitu unachokiuza na hukukitaja, kitaje.

Wiki hii, kabla ya lolote, muombe mwanao aandike katika simu yake bidhaa unayoiuza na jina la mtaa wako, kisha msome pamoja majina yatakayotokea. Kama lako limo, hakikini kila herufi. Kama halimo, mna kazi ya jioni moja, na riziki ya nyumba inastahiki jioni hiyo.