Kituo cha Ustahimilivu cha Mtaa: Ufunguo Ukae kwa Nani?

Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, na wakazi wa Kilembe na mji wa Kasese wakayahama makazi yao. Kati ya miaka hiyo, Juni 2019, Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo ikaingia wilaya hiyo hiyo. Maafa ni tofauti, lakini mwananchi hujiuliza mambo yale yale: niende wapi, na nani ataniambia ukweli? Kituo cha ustahimilivu ni mahali ambapo mtaa umekubaliana mapema kupata majibu hayo, pamoja na maji, taa na mahali pa kuchajia simu.

Si lazima kiwe jengo jipya. Ukumbi wa kanisa, msikiti, darasa au ghala la wakulima wa kahawa hutosha, mradi pawe juu ya mkondo wa maji na mbali na mteremko unaoporomoka. Wazee waulizwe maji yalifika wapi zamani. Wanayoyakumbuka mara nyingi yanapita ramani tulizo nazo ofisini. Maji nayo yahesabiwe kabla ya haja. Kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Watu 100 basi wanahitaji jerikani 75 za lita 20 kila siku.

Penye kasoro kubwa ni ufunguo. Tuliwahi kufika kijiji kimoja usiku wa mvua tukawakuta akina mama na watoto wamesimama nje ya ukumbi uliojaa mablanketi, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja, naye alikwenda arusini ng'ambo. Tangu hapo tunashauri funguo tatu kwa nyumba tatu, mojawapo ikiwa ya mwanamke anayeishi karibu.

Polisi tusiwe miongoni mwa hao watatu. Tunalisema hili wazi, ingawa baadhi ya wenzetu hawalipendi. Katika mitaa ya Mpondwe na Bwera jamaa wamo pande zote mbili za mto Lhubiriha, na asiye na karatasi akiona kituo kimekuwa kizuizi cha ukaguzi, atabaki na watoto wake kwenye maji. Daftari la mlangoni ni la kuhesabu watu na kuwaunganisha waliopotezana. Liandikwe jina, kijiji na idadi ya watoto, basi. Uhalifu ukitendeka ndani, tuitwe, nasi tutafika kama tunavyofika popote.

Jambo jingine husahauliwa. Siku ya mafuriko kituo hukusanya watu. Siku ya Ebola msongamano wenyewe ni hatari. Hapo ukumbi ufungwe, mlangoni pabaki maji na sabuni ya kunawa, ubao wa habari, na mhudumu wa afya wa kijiji anayejua pa kupiga simu. Mgonjwa asiletwe kituoni. Ubao uandikwe kwa Kiswahili na Lhukonzo, na habari isiyojulikana ilikotoka isibandikwe, hata ikiwa imeletwa na mtu mwenye cheo.

Kituo kisichotumika siku za kawaida hukutwa betri zimekufa na panya wameyala mablanketi. Mikutano ya vikoba na ya mwenyekiti wa LC1 ifanyikie humo. Wanaochaji simu walipe kidogo, na fedha hizo zitunzwe na watu wawili na kusomwa hadharani kila mwezi.

Mtaa unaotaka kuanza umwone kwanza mwenyekiti wa LC1, kisha afisa wa polisi jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu, ambaye atakuja kuukagua mlango na njia. Juu ya mlango huo yaandikwe majina ya wenye funguo, na chini yake namba zetu zisizolipiwa, 999 na 112.