Wenyeji wa Mikarafuuni, Wageni wa Pwani

Mgeni anayeshuka Pemba na darubini shingoni mara nyingi hakufuata samaki wala fukwe. Anawatafuta ndege wanne wasiopatikana mahali pengine popote duniani: bundi mdogo wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye wataalamu humwita Zosterops vaughani. Unguja ni kubwa kuliko Pemba, lakini haina hata spishi moja ya ndege iliyo yake peke yake. Pemba inazo nne.

Wageni hao hupelekwa zaidi Ngezi, kaskazini ya kisiwa, kwenye msitu wa hifadhi wa hekta 1,440 hivi. Mimi nataka tubaki kusini, Chokocho, wilaya ya Mkoani, pale ambapo vyombo vya Kisiwa Panza hupakia na kushusha abiria. Hapa hakuna msitu wa hifadhi. Kuna mikarafuu, minazi, migomba, mikoko, na pwani inayokauka mbali maji yakipwa. Nashikilia kwamba mustakabali wa ndege wa Pemba utaamuliwa zaidi katika mashamba na pwani kama hizi kuliko Ngezi, kwa sababu Ngezi ni kipande kidogo tu cha kisiwa, na sehemu iliyobaki ni mali ya wakulima na wavuvi.

Kwanza tujiulize kwa nini Pemba na si Unguja. Jibu liko baharini. Unguja imekaa kwenye maji mafupi. Zamani za barafu, bahari iliposhuka kwa zaidi ya mita mia moja, Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na wanyama walifika kwa miguu. Ndiyo maana hata chui walikuwako. Mkondo wa Pemba una habari nyingine. Kina chake kinafikia mita 800 hivi, na hadi kufika bara ni karibu kilomita 50. Bahari iliposhuka kiasi chote hicho, Pemba ilibaki kisiwa. Chui hawakuvuka. Ndege waliofika, pengine kwa kusukumwa na upepo, walizaana wao kwa wao vizazi kwa vizazi, mpaka wakawa tofauti na jamaa zao wa bara kwa rangi, kwa kimo na kwa sauti.

Katika hao wanne, bundi ndiye ninayemtetea kwa moyo zaidi, kwa sababu ndiye anayechukiwa bila kosa. Ni mdogo, hafikii shibiri. Wako wa kahawia na wako wekundu wa rangi ya kutu, wote spishi moja. Mchana hujificha kwenye majani mazito, na giza likiingia huanza kulia: mlio mmoja mfupi, kisha kimya kidogo, kisha mlio uleule, kwa mapigo yasiyobadilika. Mara nyingine dume na jike huitikiana, mmoja kwa sauti ya chini na mwenzake kwa sauti ya juu kidogo. Chakula chake kikubwa ni wadudu. Hana nguvu ya kumchukua kifaranga wa kuku.

Katika mwambao wetu bundi akilia karibu na nyumba watu hushtuka. Huhesabiwa kuwa mjumbe wa msiba au kiumbe aliyetumwa, na wapo wanaompiga mawe. Siwacheki watu hao, kwani ni hofu waliyoirithi kwa wazee. Lakini katika kisiwa cha Waislamu kama Pemba kuna jambo linalofaa kukumbushwa. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari inakanusha itikadi ya kutabiri mikosi kwa ndege, na miongoni mwa mambo yanayotajwa humo kwa jina ni itikadi ya bundi. Bundi anayesogea karibu na nyumba usiku anafuata nondo na panzi, na kila anayemla ni mdudu mmoja pungufu shambani.

Kitaalamu bundi huyu aliandikwa mwaka 1937 na R. H. W. Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni Zanzibar, ambaye miaka mitatu baadaye alimwandika na ninga wa Pemba. Wapemba, bila shaka, walikuwa wakimsikia karne nyingi kabla yake. Katika karne ya 19 misitu mingi ya kisiwa ilikatwa kupisha mikarafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilinusurika, na ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Mtu angetarajia bundi wa msituni atoweke pamoja na msitu wake. Hakutoweka. Alihamia mikarafuuni, hasa kwenye mashamba ya zamani yaliyoachwa yakafunga kwa vichaka na miti mingine. Mkarafuu unaweza kuishi zaidi ya miaka mia, na ukizeeka hupasuka na kufanya mapango. Ndege wa jamaa ya bundi huyu hutaga kwenye mapango kama hayo. Kwa hiyo mti ambao mkulima anauona umekwisha, hauzai tena, unafaa kuni tu, kwa bundi ni nyumba.

Ninga ana shida ya namna nyingine: ana nyama. Mwili wake ni wa kijani, kichwa na kifua vya kijivu, na begani ana doa la zambarau. Akitulia kwenye mti wenye majani humwoni. Utakachojua kwanza ni matunda yanayodondoka chini. Tofauti na njiwa wengine wanaookota nafaka, yeye huishi kwa matunda, hasa ya mikuyu na miti mingine ya jamii hiyo, na kundi linaweza kurudi kwenye mti uleule mpaka matunda yamalizike. Hapo ndipo mwindaji anapomngojea, kwa manati, kwa ulimbo au kwa bunduki.

Kuna jambo moja la ukoo wa njiwa ambalo huwashangaza wengi. Kifaranga hapewi tunda wala mdudu siku zake za mwanzo. Baba na mama, wote wawili, hutengeneza kwenye gole chakula kizito cha rangi ya maziwa, chenye mafuta na protini, wakamtapikia mdomoni. Ukimpiga ninga mmoja wakati wa kulea hujaua mmoja tu. Mashairi na nyimbo za mwambao zimemsifu ninga kwa muda mrefu kama mfano wa mpenzi, na naona ni haki yake kuheshimiwa mtini kama anavyoheshimiwa kwenye taarabu.

Orodha Nyekundu ya IUCN inawaweka bundi na ninga wa Pemba kwenye kundi la spishi zilizo katika mazingira ya hatari. Wale wawili wengine bado wana nafuu. Chozi unaweza kumwona karibu kila penye ua la mnazi au la mgomba. Dume humetameta kijani na zambarau kwa zamu, kulingana na jua linapompigia. Rangi hiyo haimo katika unyoya kama wino ulivyo kwenye kanga, bali hutokana na matabaka membamba mno ya unyoya yanayouvunja mwanga. Jike hana mng'ao huo. Machozi husuka kiota kama kifuko kinachoning'inia, wakikifunga kwa utando wa buibui. Na yule wa manjano mwenye jicho la duara jeupe hutembea kwa makundi, kichaka hadi kichaka, wakiitana muda wote wasipoteane. Jina lake la kitaalamu alipewa na mtaalamu wa ndege Bannerman mwaka 1924 kwa heshima ya J. H. Vaughan, mwanasheria aliyechunguza ndege wa Unguja na Pemba. Ukoo wake umesambaa visiwa vingi vya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, na kila unapofika hauchukui muda mrefu, kwa hesabu za viumbe, kuzaa spishi mpya.

Yuko mwingine ambaye si wa Pemba peke yake, lakini kisiwa kinamfaa kuliko sehemu nyingi za mwambao. Ni ndege mkubwa, mweupe mwenye nyeusi mbawani, uso mwekundu usio na manyoya. Ni wa jamaa ya tai na tumbusi, ila chakula anachokipenda ni chikichi. Huning'inia kwenye mkungu wa mchikichi, akachuna nyama ya tunda kwa mdomo uliopinda, na siku nyingine hushuka pwani kutafuta kaa na samaki waliokufa. Ndege wa mawindo anayeishi kwa matunda ni nadra sana duniani. Michikichi inayoota mabondeni Pemba ndiyo inayomweka.

Sasa tuteremke pwani. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mchanga na tope hufunuka mbali kabisa, na kinamama hushuka kuokota chaza na kutafuta pweza. Ndege wa pwani hufuata ratiba hiyohiyo ya mwezi. Maji yakijaa hukimbilia mikokoni au kwenye mafungu ya mchanga kupumzika. Yakipwa, iwe mchana iwe usiku, hushuka kula. Yangeyange wako mwaka mzima, na wa pwani yetu wana ajabu yao: wengine weupe, wengine wa kijivu cheusi, na bado ni spishi moja, mweupe na mweusi wakioana.

Wengi wa hao wa topeni, hata hivyo, ni wageni. Huanza kufika Agosti na Septemba, na wengi hawaondoki mpaka Aprili. Yuko sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda kushuka, mtaalamu wa kuwachomoa kaa mashimoni. Yuko chekeamwezi mdogo wa kijivu anayezaliwa kaskazini kabisa ya Siberia, kwenye nchi isiyo na miti, karibu kilomita elfu tisa kutoka hapa. Kwao kuna panya wadogo wa baridi ambao mwaka huongezeka na mwaka hupungua. Mwaka wa panya wengi, mbweha hushiba na kuwaacha vifaranga. Mwaka wa panya haba, mbweha huwageukia ndege, na msimu unaofuata makinda wanaofika pwani za Afrika huwa wachache. Mtu wa Chokocho anayetazama kundi la chekeamwezi anatazama, bila kujua, hali ya panya wa Siberia.

Mgeni ninayempenda kupita wote ni mla kaa. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mzito kama jambia. Ndege wengi wa pwani hutaga juu ya ardhi, mayai yenye madoa ya kujificha. Huyu huchimba. Huenda kwenye visiwa na fukwe za Oman, Emirati, Uajemi, Bahari ya Shamu na Somalia, na hapo, katika miezi ya joto kali, makundi huchimba mashimo mchangani ambayo yanaweza kufikia mita mbili. Ndani jike hutaga yai moja tu, kubwa, jeupe tupu, kwa kuwa gizani hapana haja ya madoa. Mchanga wenyewe husaidia kuliatamia, joto lake likikaribia lile la mwili wa ndege, kwa hiyo wazazi wanaweza kwenda pwani kuwinda kwa muda mrefu bila yai kuharibika.

Kifaranga hulishwa shimoni, na malezi hayaishii huko. Mtoto huja safari na wazazi wake hadi mwambao wetu, na miezi kadhaa baadaye bado unaweza kumwona akimfuata mkubwa kwenye tope, akilia kwa miluzi na kuomba kaa, na akapewa. Ndege wa pwani wengi huwaacha watoto wajitafutie chakula tangu siku ya kwanza. Huyu, mwenye mtoto mmoja kwa mwaka, hathubutu. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman yalishuka Pemba na kaskazi na kurudi na kusi. Mla kaa alikuwa akiifanya safari hiyo kabla ya jahazi la kwanza kutwekwa tanga, na anaendelea kuifanya baada ya majahazi kukoma.

Kinachowatisha ndege hawa wote kinajulikana. Mikoko hukatwa kwa boriti na kuni, na ikiisha wageni hawana pa kupumzikia maji yakijaa. Mikarafuu mikongwe huangushwa. Vijana hupiga manati kwa mchezo. Haya siyaandiki kwa kukata tamaa, maana Pemba imewahi kumwokoa mnyama wake. Popo wa Pemba, naye hapatikani kwingine duniani, alikuwa amebaki maelfu machache mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa kwa miti. Wanakijiji, Kidike na kwingineko, waliamua kulinda miti anayolala. Miaka 15 hivi baadaye idadi yake ilikadiriwa kukaribia elfu ishirini. Kazi hiyo ilifanyika vijijini, kwenye miti ya watu.

Ndege wanahitaji kazi ndogo kuliko hiyo. Walimu wa Chokocho, Kengeja na Mtambile wawafundishe watoto majina ya ndege hao wanne kama wanavyowafundisha majina ya wilaya. Mwenye mkuyu asiukate kwa sababu tu hauuziki. Na wewe mwenye shamba, ukiwa na mkarafuu mkongwe wenye pango, usiozaa tena, uache usimame mpaka uanguke wenyewe.